Kaburi la Theophil Bado Halijachimbwa

Nawasalimu mliokaa chini ya turubai, nawasalimu na ninyi mliosimama nje ya geti hamtaki kuingia, maana nawaona, macho yangu yameharibika karibu lakini mbali yanaona. Mimi ni Genoveva, mama mzazi wa marehemu. Mjukuu wangu Jesse alikuwa ameandaa historia ya baba yake, imechapwa vizuri kwenye karatasi nyeupe, inasema marehemu alikuwa mpenda watu na mcheshi, nikamwambia hiyo aiweke mfukoni akaisome huko Arusha kwa wasiomjua, hapa Nangara nitasoma mimi.

Misa imekwisha, jeneza liko mezani, padri anaangalia saa yake, na kaburi halijachimbwa. Kila mtu hapa analijua hilo, kwa hiyo sina sababu ya kulipitia kwa nyuma. Jana asubuhi balozi wetu Damasi alikuja na wazee wenzake wawili, wakavua kofia, wakakaa, wakanipa pole ya mkono, kisha Damasi akasema, "Bibi, tumekuja kulia na wewe, hatukuja kuchimba." Nikamwambia nimesikia. Jesse naye, kwa kuwa amekulia mjini, akaona jambo ni dogo, akasema, "Bibi, pale stendi vijana wapo, tunaelewana nao, saa mbili tu shimo liko tayari." Nikamwambia, "Shimo ni la choo, baba yako anahitaji kaburi." Mtoto wangu hatafukiwa na watu wasiomjua jina, kama bomba la maji. Basi tumekaa hivyo tangu jana, na ninyi mtasikia historia yake ndipo mjue mnakataa nini, au mnakubali nini.

Marehemu Theophil Anselmi Margwe alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1966, huko juu Mbulu, nyumbani kwa baba mkwe wangu, mvua ikinyesha, akiwa mtoto wa pili na wa kiume peke yake, na alibatizwa Krismasi ya mwaka huohuo. Mwaka 1971 marehemu mume wangu Anselmi alituhamishia hapa Nangara kwa sababu kule juu mashamba yalikuwa yamekuwa madogo kama leso, tukaja na mbegu, kuku, na ng'ombe ambao hamkuwaona.

Nieleze hapo kwenye ng'ombe, kwa ajili ya wageni kutoka mjini, maana msipoelewa hilo hamtaelewa chochote. Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote uani. Anampelekea huyu jike na ndama, anampelekea yule mtamba ambaye bado hajazaa, wewe uliyepewa unakamua, watoto wako wanakunywa, samadi unaweka shambani kwako, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na baada ya muda naye anakuachia mtamba mmoja awe wako kabisa. Ng'ombe akifa kwako, unapeleka ngozi, mnasikitika pamoja, yanaisha. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanabaki. Na zaidi ya hapo, mtu anayenywa maziwa ya ng'ombe wako hawezi kusikia kwako kuna kilio akaendelea kulala. Mume wangu aliweka ng'ombe Nangara, akaweka Mutuka, akaweka Sigino, hapa uani kwetu alikuwa na jike mmoja mkorofi aliyekataliwa na kila mtu kwa sababu ya mateke. Walikuwa wangapi kwa jumla mimi siwezi kuwaambia, kwetu kuhesabu ng'ombe hadharani ni kuita kifo, lakini najua kwamba siku za palizi tulikuwa tunakosa masufuria ya kuwapikia watu waliokuja kutulimia bila kuitwa.

Theophil alianza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule ya msingi hapahapa, akamaliza la saba mwaka 1980, akafaulu, akaenda sekondari Arusha mwaka 1981 hadi 1984. Alikuwa na kichwa kizuri cha hesabu. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, nikaishia kwenye kuandika jina na kusoma Biblia kwa kidole, kwa hiyo nilimwogopa kidogo, siwafichi. Akirudi likizo alikuwa anasimama hapo uani anatazama, anasema, "Mama, sisi ni maskini kumbe." Namuuliza maskini vipi, anasema, "Wenzangu kwao kuna ng'ombe." Baba yake alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alimchukua siku moja amzungushe nyumba kwa nyumba, mtoto akatembea, akanywa maziwa kila nyumba mpaka tumbo likamuuma, akarudi akasema, "Nimeona ng'ombe wa watu." Kichwa cha hesabu hicho.

Baada ya kusomea utunzaji wa ghala, aliajiriwa mwaka 1987 na kampuni moja ya mazao Arusha, akawa karani, akapanda akawa mkuu wa maghala, akafanya kazi hiyo hadi mwaka 2010 kampuni ilipopunguza watu. Wenzake wa kazini wamekuja leo na magari mazuri, tunawashukuru, ingawa naona wengine wamebakia ndani ya magari wakiogopa vumbi.

Tarehe 18 Julai 1992 alifunga ndoa takatifu na Vailet, huyu aliyekaa hapa chini amejifunika kanga, mwanamke mvumilivu kuliko nilivyokuwa mimi, na Mungu akawapa watoto wawili, Jesse mwaka 1993 na Restituta mwaka 1997.

Mwezi Juni 1998 mume wangu Anselmi alifariki. Kaburi lake ni lile pale nyuma ya jiko, mnaliona. Damasi, wewe ulikuwepo, ulikuwa kijana mwenye nywele. Jua halijachomoza vizuri watu walikuwa wamefika wakigombania sururu, huyu anasema, "Toka, wewe umeshachimba, na mimi nilikunywa maziwa yake," mwingine anasema, "Shuka wewe mguu wa kuku, unachezea udongo tu," nikawasikia wanacheka ndani ya kaburi la mume wangu, na nilifarijika kwa kicheko kile kuliko kwa mahubiri yote ya siku ile, padri anisamehe. Theophil alikuja na kreti za soda kutoka Arusha. Aliona watu wengi mno, akaniuliza, "Mama, hawa wote nani amewaalika?"

Mwaka 2010 alirudi nyumbani moja kwa moja, na hapo ndipo niombe mnisikilize. Alitembelewa na rafiki yake wa kazini, mtu mnene, simtaji, wakakaa pale uani wakinywa bia, yule mgeni akamwambia, "Theo, miaka yote unatuambia mzee wako alikuwa na ng'ombe, wako wapi, au ni wale wa kwenye kalenda?" Wakacheka. Mwanangu naye alicheka, lakini nilimwona shingo. Mwanamume akidhalilishwa mtazame shingo.

Mwezi Machi 2011 alikodi lori na vijana, akazunguka Nangara, Mutuka na Sigino kukusanya kila ng'ombe wa baba yake na ndama wake, nilimzuia mlangoni nikamwambia, "Theophil, unakwenda kubomoa," akasema, "Mama, nakwenda kuchukua mali yangu." Na kweli ilikuwa mali yake, sheria iko upande wake, hakuiba hata kwato.

Kule Mutuka alifika kwa Mama Elineema, mjane, ambaye mkwe wake Edda alikuwa amejifungua siku chache nyuma na maziwa ya mama hayatoki, mtoto analishwa kwa maziwa ya jike lile. Mama Elineema alimwambia, "Baba Jesse, niachie huyu mmoja mpaka mtoto aanze kula ugali, nakuomba kama mama yako." Mwanangu akamjibu, "Mama, ng'ombe si yaya." Neno hilo limezunguka Babati nzima, mmelitia utani, watoto wenu wanalisema wakigombana, kwa hiyo na mimi nalisema hapa mbele ya jeneza lake. Mtoto wa Edda alifariki mwezi wa saba mwaka huohuo. Sisemi ni kukosa maziwa ndiko kulikomuua, mimi si daktari, watoto hufa hata penye maziwa. Nasema Theophil hakwenda kuzika. Alituma dereva na kreti mbili za soda.

Zizi alilojenga hapa lilikuwa refu, la mabati, linaonekana kutoka barabara kuu, watu wa mabasi walikuwa wanalionyeshana. Mkaanza kumwita Bosi. Ninyi hao hao. Alipopita mlisimama, alipokwisha kupita mlitema mate, na siku za harusi mlimweka meza ya mbele, kwa hiyo asisimame mtu hapa leo akajifanya yeye peke yake ndiye aliyeona kitu.

Ng'ombe walikaa pamoja mwaka mmoja na nusu. Mwishoni mwa 2012 homa ya mapafu iliingia, bwana mifugo akaja akafunga zizi, akasema asitoke hata mmoja, wakaanza kukohoa mmoja baada ya mwingine, kikohozi kama cha watu wazima, tulikisikia tukiwa tunakula. Baba yake angekwenda nyumba ya pili. Theophil hakuwa na nyumba ya pili. Waliobaki aliwauza ruhusa ilipotoka, akaongeza akiba yake ya Arusha, akajenga nyumba hii ya vigae na ukuta huu, na juu ya ukuta akapandikiza vipande vya chupa, akaleta na mbwa. Nikamuuliza, "Unamzuia nani?" Akasema, "Watu." Nikafungasha vyombo vyangu mwaka 2014 nikaenda kwa binti yangu Sigino, maana sikuzaliwa kubisha hodi kwa kengele ya umeme.

Katika miaka ile Theophil hakuwa mkatili kama mnavyosema mkikaa vilabuni. Hakupiga mtu, hakudhulumu mtu shamba, mbio za Mwenge wa Uhuru alizichangia, kanisa alilichangia, madawati alitoa, na kila msiba alituma kitu. Dereva alikuja na soda na bahasha, mkapokea, mkanywa, nakumbuka mlikunywa. Lakini mikono yake hakuileta. Hakushika sururu kwenye kaburi la mtu yeyote wa Nangara, hakukaa juu ya mkeka na mfiwa, hakula ugali wa msibani kwa vidole pamoja na wengine. Alifikiri ukituma kilicho chako umejituma wewe mwenyewe. Hilo ndilo kosa lake, na lilitosha.

Sasa ugonjwa wake. Alianza na kisukari mwaka 2019, akawa anatumia dawa, anaacha, anatumia. Tarehe 11 Februari 2025, siku ya Jumanne, Vailet akiwa Mbulu kwa dada yake mgonjwa na mfanyakazi akiwa ameruhusiwa kwenda kwao, Theophil alipigwa na kiharusi akiwa anatoka bafuni, akaanguka kwenye korido, akalala hapo mchana ule, na usiku, na asubuhi iliyofuata, anasikia kila kitu, mdomo hautoi sauti. Mbwa walilia. Majirani mlisikia mbwa, mkasema mbwa wa Bosi wana njaa. Siwalaumu, mngeingilia wapi? Mtu aliyeingia ni Hamdani, mwenye duka hapo ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwahi kupewa ng'ombe na ukoo wetu wala hakuwa na deni lolote la wema kwetu. Aliona taa za nje zinawaka jua likiwa kichwani, akagonga, akaita, akachukua ngazi ya dukani. Chupa za mwanangu zilimchana kiganja hapa mpaka hapa, na ndiyo maana mtu akimpa mkono anashikwa na vidole vitatu. Alimbeba mtu aliyejikojolea, akamwosha kwanza, kisha akaita gari. Nilipomuuliza kwa nini alimwosha, akasema, "Bibi, mtu mzima haendi hospitali vile."

Alilazwa mwezi mmoja na siku kadhaa, akarudi upande wa kulia ukiwa umekufa na ulimi mzito. Mimi nilirudi kutoka Sigino, nikaamuru geti liwe wazi mchana kutwa, mbwa wakatolewa. Nikamtengenezea kitanda kwenye baraza ili waje watu kumwona. Alikaa akitazama geti. Alikuja padri, alikuja Hamdani, alikuja mtu wa mita ya umeme.

Mwezi wa sita alinishika nguo akasema neno moja, akalirudia siku nzima mpaka nikaelewa ni Mutuka. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi na Vailet tukimkumbatia huku na huku asidondoke, tukafika kwa Mama Elineema. Alitutolea viti, alitukaribisha vizuri, mwanamke mwenye adabu, akaleta chai ya rangi, akasema, "Mnisamehe, Baba Jesse, nyumba hii haina maziwa." Theophil aliinywa, nusu ikaingia, nusu ikamwagika kifuani. Kisha akaanza kusema pole. Ilikuwa inatoka po, po, kama kuku, jasho likimtoka, na sisi wote tukasubiri. Mama Elineema alisubiri pia, hakumkatiza, alipoona haliishi akasema, "Baba Jesse, miaka kumi na minne ulikuwa na ulimi mzima." Akaingia ndani kuangalia mboga yake.

Mama Elineema yuko hapa leo, yule mwenye kitenge cha kijani karibu na geti. Mama, sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Mimi ningesema hivyohivyo, na chai nisingetoa.

Mtaniuliza kama mwanangu alitubu. Sijui. Ningeweza kuwadanganya, maiti haikanushi, Jesse alitaka niwaambie alikufa akiwaombea. Alikufa akinitazama mimi, tarehe 21 Agosti 2025, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nikiwa namlisha uji, akafunga mdomo, nikadhani ameshiba.

Watu husema tajiri ni mwenye nyingi. Theophil alikuwa nazo, zipo, nyumba ni hii, gari ni lile, vigae vinang'aa. Lakini tangu jana jeneza limekaa humo ndani kama mzigo ambao mwenyewe hajulikani, na nyumba yenye vyumba vyote hivi imeshindwa kutoa mtu mmoja wa kushika sururu. Baba yake alikufa akiwa na kanzu mbili na jike lenye mateke. Nawaachia mlinganishe wenyewe, mimi kichwa cha hesabu sina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi yule mfupi aliyemgeuza kila alipochoka bila kuombwa. Tunamshukuru padri kwa misa na kwa uvumilivu. Tunawashukuru wenzake wa Arusha kwa maua. Tunamshukuru Hamdani na ndugu zake waliopika tangu jana, wao ndio waliotulisha wote hapa, mkubali au msikubali. Tunamshukuru balozi Damasi kwa kusema ukweli machoni pangu badala ya kuugua ghafla kama alivyofanya katibu wake. Na tunawashukuru majirani wa Nangara, Mutuka na Sigino mliokuja, hata kama mmekuja kuona tutafanyaje.

Tutafanya hivi. Nimemwambia Jesse avue koti. Sururu moja, majembe mawili na chepe viko pale kando ya kaburi la baba yake. Ataanza Jesse, atapokea Vailet, nitapokea mimi, na zamu inarudi. Udongo wa Agosti mnaujua, ni tofali. Mikono ya Jesse ni ya kompyuta na ya kwangu imekwisha, sidhani kama tutafika kina anachostahili mtu. Tutachimba mpaka nguvu zituishie, na zitakapoishia ndipo atakapolazwa, hata kama ni magotini, na fisi wa mlimani wajue nao.

Asije mtu kunipokea jembe kwa kumwonea bibi kizee huruma, huruma hiyo niwekeeni, siku yangu haiko mbali. Atakayeshika jembe leo, alishike kwa ajili ya Theophil, akimjua alivyokuwa, na yote niliyoyasoma. Asiyeweza abaki alipo, na kesho tutasalimiana kama kawaida, sina kinyongo na mtu.

Theophil mwanangu, pumzika kwa amani, ukipata wa kukupumzisha.